Risala ya Kikundi cha Wagonjwa wa Lupus kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Lupus Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu,
Mganga Mfawidhi wa hospitali hii,
Viongozi wa dini,
Wageni waalikwa na wanakikundi wenzangu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha tena tarehe 10 Mei, siku inayoadhimishwa duniani tangu mwaka 2004 kwa ajili ya watu wenye lupus. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kuja mwenyewe. Tumezoea kuletewa mwakilishi wa mwakilishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilizaliwa kwenye benchi la kliniki, kikasajiliwa, kikakua. Historia yake ni ndefu, lakini jua linapanda na sisi jua hatupatani nalo, kwa hiyo tunaikatia hapo.

Mafanikio ni makubwa. Tunayo katiba, muhuri, na akaunti ya benki yenye salio. Tumeanzisha mradi wa kisasa wa sabuni ya maji ambao umekidhi mahitaji ya kliniki nzima na nyumba kadhaa za jirani. Tumetoa elimu kwa umma katika stendi ya daladala, ambapo umati wa abiria ulitusikiliza kwa makini hadi magari yao yalipojaa. Na miavuli hii mikubwa unayoiona ni mali yetu wenyewe, hatukuazima.

Baada ya hayo, Mheshimiwa, tunaomba uturuhusu tukae kwenye jambo moja.

Kwamba lupus ni kinga ya mwili kugeuka na kuushambulia mwili wenyewe, ngozi, viungo, figo, damu, hata ubongo, limesemwa hapa kila mwaka. Kwamba katika wagonjwa 10 takriban 9 ni wanawake, nalo limesemwa. Lisilosemwa ni sonona na wasiwasi unaomwandama mgonjwa hata siku ambazo vipimo vyake ni vizuri.

Chukua binti aliyeanzishiwa predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Baada ya muda uso umejaa, na jirani anamsalimia kwa furaha, "Umenenepa, mambo si mabaya!" Usiku usingizi hauji, maana dawa hiyo hiyo inayomwokoa huweza kufukuza usingizi na kuvuruga hisia. Asubuhi vidole vimekakamaa, ndoo haiinuki, na mawifi wameshamwita mvivu. Nywele zinabaki kwenye chanuo. Akienda sokoni na mikono mirefu na kofia pana, anaulizwa anamkimbia nani. Akionekana na kopo la vidonge, mtaa umeshampa ugonjwa mwingine na umeshamtaja aliyemwambukiza. Na hata siku asiyoumwa anaamka akijiuliza kama leo ndiyo itaanza upya. Binti huyo akikosa hamu ya kula na ya kuongea na watu, nyumbani wanasema ana majivuno.

Madaktari wetu, Mungu awabariki, wanatueleza kwamba sonona hii haina mzizi mmoja. Inaweza kuletwa na maumivu na uchovu, inaweza kuletwa na dawa, na wakati mwingine ni lupus yenyewe imegusa ubongo. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa "acha mawazo, mwombe Mungu" hakutoshi, na tunalisema hili mbele ya mashehe na wachungaji wetu kwa heshima zote. Lazima akae na mtu anayejua kutofautisha.

Mtu huyo hatuna. Mgonjwa wetu huulizwa "Mawazo vipi?" koridoni, faili mkononi, foleni nzima ikisikia. Anajibu "Salama tu" na kwenda dirisha la dawa. Akishauriwa kumwona mtaalamu wa afya ya akili, anauliza, "Yaani mnanipeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili?" na kliniki inayofuata haonekani.

Asiyeonekana huacha na vidonge. Mheshimiwa, kuacha predinisoloni ghafla ni hatari peke yake, achilia mbali lupus kurudi kwa kishindo na kula figo. Bei ya kusafisha damu kwa mashine, wiki hadi wiki, unaifahamu kuliko sisi, kwa kuwa barua za kuomba msaada huo zinaishia mezani kwako.

Wapo waliotuambia wamechoka kuishi. Simu hizo saa nane za usiku hupokelewa na katibu na mweka hazina, ambao nao ni wagonjwa. Mweka hazina wetu amefundishwa kutunza fedha tu.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi alilielewa sana jambo hili. Aliahidi chumba cha faragha na mshauri nasaha ndani ya miezi mitatu, tukapiga makofi, tukapiga na picha. Ipo ukutani, imetoka vizuri. Mgeni rasmi wa mwaka jana alitufahamisha kuwa suala lipo kwenye mchakato, akatuachia namba yake ya simu. Tunaamini namba hiyo nayo ipo kwenye mchakato.

Kwa unyenyekevu mkubwa, Mheshimiwa, hatuombi jengo wala jiwe la msingi. Chumba kipo. Ni kile cha tatu kutoka maabara, chenye vitanda vibovu vinavyosubiri kibali cha kufutwa kwenye vitabu. Tunaomba kibali hicho kisainiwe. Tunaomba mshauri nasaha mmoja, siku moja kwa wiki, siku ya kliniki yetu, ili mgonjwa aingie kwake kama anavyoingia kupima presha, bila barua ya rufaa na bila kutazamwa. Pazia, meza na viti tutanunua wenyewe kwa fedha za sabuni.

Tunaomba pia jibu lako liandikwe kwenye kitabu cha wageni, pamoja na tarehe. Usituelewe vibaya, ni kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Chakula kipo tayari, ila tumewaomba wapishi wasubiri kidogo ili kwanza utembee nasi hadi kwenye chumba hicho. Mganga Mfawidhi amekaa safu ya pili, na ufunguo anao.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi