Si theluji, ni sakitu, na bondeni si sawa na mlimani

Ndugu Mhariri,

Kila ifikapo Juni na Julai magazeti yetu, hili likiwemo, hutoa picha ya nyasi nyeupe au ndoo ya maji yaliyoganda kutoka Makete au Njombe, na juu yake kichwa cha habari kinasema theluji imeanguka. Hakuna kilichoanguka. Theluji hutoka mawinguni. Sakitu, ambayo wengine huiita jalidi na sisi huku mitaani tunaiita barafu tu, haihitaji wingu. Tena wingu likitanda usiku kucha haiji kabisa. Ni unyevu wa hewa unaogandia palepale kwenye jani lililopoa kupita nyuzi sifuri.

Ningenyamaza kama lingekuwa suala la msamiati tu. Tatizo ni kwamba mkulima aliyeambiwa theluji imeanguka hutazama juu, akaamini ni balaa lililowashukia wote sawasawa. Angetazama chini, yaani shamba lake limekaa wapi katika bonde, angeelewa kwa nini viazi vyake vimeungua na vya jirani aliye hatua 200 juu yake bado ni vya kijani.

Husemwa kuwa Makete ni baridi kwa sababu iko juu. Hiyo ni nusu ya jibu. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600, na kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961. Kwa hesabu hiyo anayetoka ufukweni Matema akapanda mpaka Kitulo ameacha nyuma kama nyuzi 14 za joto, na koti analihitaji kweli. Lakini hiyo ni hesabu ya mchana, au ya siku yenye upepo. Usiku mkavu wa Juni, ndani ya bonde lililozungukwa na milima, inapinduka: chini kunakuwa na baridi kuliko juu.

Sababu yenyewe haina maajabu. Jua likizama, udongo na majani huanza kuachia joto kuelekea angani. Kukiwa na mawingu, sehemu kubwa ya joto hilo inarudishwa; ndiyo maana kuanzia Novemba hadi Aprili, kipindi cha mvua, mabonde yetu yana ubaridi wa kulowesha nguo lakini mazao hayaungui. Kiangazi kikiingia anga inasafika, hewa inakauka, na joto linaondoka bila kizuizi. Hewa iliyogusana na mteremko inapoa, inakuwa nzito, inaanza kuteremka polepole ikifuata makorongo yaleyale yanayofuatwa na maji. Ikifika bondeni inatulia. Kama mdomo wa bonde ni mwembamba, inajaa kama maji kwenye beseni, na kufikia alfajiri sakafu ya bonde inaweza kuwa na nyuzi 5 au zaidi pungufu ya mteremko ulio mita 50 juu yake.

Beseni hilo linaonekana kwa macho. Simama juu kidogo ya mji saa 12 na nusu asubuhi, jua halijachomoza na majiko ya kuni yameshawashwa. Moshi hupanda wima kutoka kila paa, ukifika kimo fulani unakuwa kama umegonga dari, unapinda, unatandaa bapa kama shuka juu ya bonde zima. Pale unapotandaa ndipo hewa ya baridi inapoishia na ya uvuguvugu inapoanzia. Tafuta mti au nyumba kwenye mteremko iliyo usawa wa shuka hilo, iweke alama. Fanya hivyo asubuhi tatu au nne, maana kimo hubadilika kidogo. Kila shamba lililo chini ya alama limo ndani ya beseni.

Anayetaka uhakika wa shamba lake na atumie sahani za bati. Chagua usiku usio na wingu wala upepo. Tia maji kina cha nusu sentimita, zipange kuanzia kando ya kijito hadi juu ya shamba, moja kwa kila mita 10 za kimo. Kila sahani iweke juu ya fungu la nyasi kavu, si juu ya udongo, kwa sababu udongo utaipasha joto na kukudanganya. Kimo usikisome kwenye simu, inaweza kukosea kwa mita nyingi. Tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi. Kabla jua halijazigusa, angalia ni sahani ya ngapi ambayo maji yake hayajashika barafu. Miche isiyovumilia baridi ianzie hapo kwenda juu.

Sasa, utabiri. Wasikilizaji hulalamika kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema nyuzi 4 na wao wakaamka na nyasi nyeupe. Hakuna aliyekosea. Kipimajoto cha kituo hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Usiku uliotulia, nyasi zilizo chini yake zinaweza kuwa na nyuzi 3 hadi 5 pungufu. Kituo kimepima hewa ya kimo cha kifua, na kiazi kinaishi kwenye kimo cha kifundo cha mguu. Kwa hiyo kati ya Juni na Agosti mkulima wa bondeni akisikia nyuzi 5 au chini ya hapo, atoke nje saa 4 usiku. Nyota zikiwa nyingi na jani la mgomba halitikisiki, ajue. Upepo wa kusi ukiwa unavuma, alale usingizi wake, kwa sababu upepo unachanganya hewa ya juu na ya chini na beseni halijai.

Hapa ndipo penye utata wa vinyungu, yaani mashamba madogo ya bondeni. Vinyungu hulimwa kiangazi bondeni kwa kuwa ndiko unyevu uliko, na baridi nayo inafuata njia ileile ya maji. Huwezi kuuchukua mmoja ukauacha mwingine. (Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, hilo linahitaji barua yake.) Linalowezekana ni kutoongeza baridi isiyokuwepo, na sisi tunaiongeza kila mwaka. Tunapanda mkanda mzito wa milingoti kukatisha bonde, au tunajenga ukuta wa tofali chini ya shamba, au tuta la barabara linapita mdomoni mwa bonde likiwa na kalvati za kutosha maji lakini si hewa. Hewa ya baridi inasimama nyuma ya kizuizi hicho kama nyuma ya bwawa, na shamba ambalo lilikuwa halijaungua miaka yote linaanza kuungua. Ua wa juu ya shamba unasaidia, unakinga hewa inayoshuka na kuipitisha pembeni. Ua wa chini unadhuru: uwe na pengo la mita kadhaa sehemu ya chini kabisa, na matawi ya miti yakatwe kuanzia ardhini hadi kimo cha mtu ili hewa ipite.

Kingine tunachokosea ni matandazo. Tumefundishwa kutandaza nyasi, na ni sahihi kiangazi chote kasoro wiki za sakitu. Nyasi kavu huzuia jua kuupasha udongo mchana, na usiku huzuia joto la udongo kupanda kwenye mmea. Udongo ulio wazi, ulioshikamana na wenye maji hutunza joto zaidi. Vuta matandazo pembeni mwa miche, ng'oa magugu, na mwagilia kwa mfereji mchana wa siku inayotangulia usiku wa hatari, mapema, jua likiwa kali, udongo ulowe kina cha kiganja au zaidi. Usilimie siku hiyo. Udongo uliotifuliwa una hewa ndani na haupitishi joto. Usimwagilie majani jioni.

Kufunika kunasaidia kukifanywa vizuri. Miche ifunikwe saa 11 jioni, wakati udongo bado una joto, kwa nyasi au viroba vilivyotandazwa juu ya vijiti visiguse majani, na pembe zishuke mpaka ardhini. Kiroba kilichofungwa kwenye shina kama mfuko hakifai kitu, kwani joto linalotafutwa linatoka ardhini na kiroba kimelifungia nje. Ondoa jua likishapanda.

Moshi, kwa upande mwingine, ni imani tu. Kuchoma matairi au majani mabichi ili moshi "ufunike" bonde hakuzuii joto kuondoka. Moshi wetu hauna uwezo wa wingu. Kinachosaidia kidogo ni joto la moto wenyewe, na hapo vimoto vidogo vingi vinashinda moto mmoja mkubwa, ambao hupasua dari ile niliyoieleza na kupotelea juu. Kwa eneo lenye mashamba ya misindano kila upande, mwezi wa Julai, mimi nisingewasha hata kimoja.

Baada ya kuungua, makosa ni mengi kuliko kabla. Kuna sakitu isiyoonekana: hewa ikiwa kavu sana majani huganda bila weupe wowote. Mkulima anaona majani yamelegea, yana rangi ya kijani kilichoiva kama yaliyotiwa maji moto, na kesho yake ni meusi. Analaumu mbolea, au anakimbilia dawa ya ukungu. Ugonjwa wa ukungu huanza kwa madoa, husambaa kwa siku kadhaa, na hupenda majira ya mvua na mawingu. Asubuhi yenye unyevu utaona utando mweupe chini ya jani. Sakitu hupiga usiku mmoja, huanzia upande wa chini wa shamba, hugusa majani ya juu yaliyo wazi na kuyaacha yaliyo chini ya kivuli cha mti. Dawa hapo ni fedha iliyotupwa.

Viazi vilivyoungua visifyekwe. Vingi huchipua tena kutoka chini, vipe wiki mbili. Mahindi ya vinyungu yakiwa bado hayajafikisha majani matano au sita, kiini chake kinachokua kingali chini ya udongo. Ng'oa mche mmoja, upasue katikati kwa kisu kuanzia mizizini: ukiona kiini cheupe kilichokaza, utaota, kikiwa cha kahawia na kinateleza, umekufa. Kagua miche kumi pande tofauti kabla hujanunua mbegu mara ya pili.

Parachichi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa kila mtu anapanda na wengi wanapanda bondeni karibu na maji. Mti mkubwa wa Hass, aina ya parachichi, huanza kudhurika kwenye nyuzi moja au mbili chini ya sifuri. Mche wa mwaka wa kwanza na wa pili hudhurika mapema kuliko mti mkubwa, na maua nayo hayavumilii. Sehemu yake ni mteremko, juu ya alama ya moshi, na ukiweza kuchagua, mteremko unaotazama kaskazini: mwezi Juni jua la adhuhuri kwetu limeinamia kaskazini kwa zaidi ya nyuzi 30 kutoka utosini, hivyo mteremko wa kusini hupoa mapema na kuchelewa kupata joto. Maji yapandishwe kwa mpira, ni nafuu kuliko kupanda miche upya. Mti ulioungua usikatwe matawi hadi machipukizi yaonyeshe pa kuishia, na shina lililobaki wazi lipakwe chokaa lisibabuliwe na jua.

Kwa nyumba nitasema moja tu: jiko la mkaa lisilale ndani na watu. Gesi yake haina harufu, na usiku wa baridi watu huziba kila tundu.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Neno liwe sakitu. Na mwandishi anapopiga picha ya nyasi nyeupe aandike chini yake saa aliyoipiga, na kama ni bondeni au mlimani, na kama eneo hilo lina kituo cha hali ya hewa aweke nyuzi zilizosomwa asubuhi hiyo. Msomaji wa Njombe, Mufindi au Mbozi ataweza kulinganisha na shamba lake.

Afisa ugani mstaafu,
Makete, Njombe