Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya michezo: makipa wetu wanafundishwa na nani?

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyekabidhiwa michezo kwa sababu tu nilichelewa kufika kwenye kikao cha kugawana majukumu. Kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikipeleka timu kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na katika miaka yote hiyo sijawahi kujua namna ya kumfundisha kipa. Mabeki nawapanga na viungo nawaelekeza, lakini kipa namwambia akae golini na asiogope mpira, kisha naendelea na wenzake. Kwa hiyo naomba Wizara unayoiongoza itenge fungu la kuwasomesha makipa waliostaafu kozi za ukocha wa makipa, na impangie angalau mmoja wao kila mkoa wa Bara, yaani watu 26, wapite kwenye kambi za UMITASHUMTA na za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kila mwaka.

Ili ombi hili lisionekane ni la mtu mmoja mwenye kero zake, naomba nikukumbushe habari za Juma Kaseja, kipa wa zamani wa Simba na timu ya taifa. Mwaka 2003 Simba ilikwenda Cairo ikiwa na ushindi wa bao 1-0, lililofungwa na Emmanuel Gabriel jijini Dar es Salaam, kukutana na Zamalek waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Wamisri walirudisha bao hilo, mechi ikaingia kwenye mikwaju ya penalti, na Simba ikashinda 3-2, langoni akiwa kijana aliyezaliwa Kigoma mwaka 1985. Kinachosahaulika kila hadithi hiyo inaposimuliwa vijiweni ni nani alikuwa kwenye benchi. Kocha wa Simba alikuwa marehemu James Siang'a, Mkenya, ambaye naye alikuwa kipa, tena aliyeidakia nchi yake katika fainali za Mataifa ya Afrika za 1972 nchini Cameroon. Siwezi kuthibitisha alimwambia nini Kaseja kabla ya mikwaju ile, lakini sidhani kama ilikuwa bahati kwamba kocha aliyethubutu kumwamini kijana mdogo kiasi kile katika usiku mzito kiasi kile ni mtu aliyewahi kuvaa glovu mwenyewe.

Miaka iliyofuata ilimpitisha Kaseja kwenye kila kitu ambacho kazi hii inaweza kumpa mtu. Kocha Mbrazili Marcio Maximo alipokuwa akiinoa Taifa Stars, timu yetu ya taifa, kati ya 2006 na 2010, Kaseja aliwekwa kando kwa muda mrefu, na nchi nzima ikawa inabishana juu ya jina lake. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0, na moja kati ya mabao yale alilifunga yeye kwa penalti, kipa na nahodha aliyetoka golini kwake hadi upande wa pili wa uwanja. Mwaka uliofuata Simba ikaachana naye, akahamia Yanga kwa mara ya pili, na Desemba 2013, katika mechi ya kirafiki ya Nani Mtani Jembe, ambayo Yanga walifungwa 3-1 na Simba, lawama zote zikamwangukia. Wengi tulidhani habari yake imeishia pale. Alikwenda Mbeya City, akapita Kagera Sugar, akatua KMC, na mwaka 2019, akiwa na miaka 34, akaitwa tena Stars. Agosti mwaka huo Tanzania iliitoa Kenya kwa penalti 4-1 pale Kasarani, Nairobi, katika kufuzu CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Septemba ikaitoa Burundi kwa penalti 3-0 jijini Dar es Salaam katika kufuzu Kombe la Dunia, bila Warundi kupata hata mkwaju mmoja. Kati ya usiku wa Cairo na jioni hiyo ya Dar ilikuwa imepita miaka 16.

Leo yeye ni kocha. Amewanoa makipa wa Taifa Stars, na mwaka 2025 alikabidhiwa benchi la Kagera Sugar katika msimu ambao timu hiyo ilishuka daraja. Wapo waliomhukumu kwa hilo, ingawa kwa maoni yangu kupewa timu inayozama ni sawa na kuingizwa golini wakati wenzako wameshafungwa matatu. Kabla yake Juma Pondamali, aliyekuwa kipa wa Stars katika fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 kule Nigeria, alirudi kufundisha makipa wa Yanga, na Iddi Pazi alifanya hivyo hivyo Simba. Njia hiyo ipo, Mheshimiwa, ila inaanzia na kuishia kwenye klabu kubwa, mahali ambapo kipa anafika akiwa ameshakomaa na makosa yake.

Nilichokiona mimi ni hiki. Mwaka juzi, katika kambi ya wilaya, kipa wetu wa darasa la sita alikuwa akiponyokwa na kila mpira wa juu. Mzee mmoja aliyewahi kudaka madaraja ya chini, aliyekuja tu kumtazama mjukuu wake, aliingia uwanjani bila kuitwa, akapiga magoti mbele ya mtoto, akamshika mikono na kuvisogeza vidole gumba hadi vikakaribiana nyuma ya mpira. "Wa juu, gumba zikutane. Wa chini, vidole vidogo vikutane," alimwambia. Kisha akamfundisha kuangukia ubavu badala ya kiwiko, akianza na mtoto amekaa chini, baadaye amepiga magoti, mwisho amesimama. Ilichukua kama dakika arobaini. Jioni ile mtoto alidaka krosi mbili, na mimi nikaona aibu ya miaka yangu yote. Nilipoomba mzee yule alipwe walau nauli ya bodaboda, ofisi iliyohusika ilinijibu kwamba hakuna kifungu cha kocha wa makipa katika bajeti ya kambi.

Matokeo yake tunayaona juu. Yanga wanamtegemea kipa Djigui Diarra wa Mali tangu 2021, na Simba walimsajili kipa Moussa Camara wa Guinea mwaka 2024. Sina kinyongo na wageni hao. Diarra anatumia miguu vizuri kuliko viungo wengi wa ligi yetu. Lakini kipa wetu Aishi Manula na wenzake wachache hawawezi kubeba taifa zima, na fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) za 2027 tutaziandaa sisi wenyewe pamoja na Kenya na Uganda.

Hao watu 26 hawahitaji kuwa na jina la Kaseja. Wapo mikoani, baadhi wanaendesha bodaboda, wengine wana vibanda vya chipsi, na vyama vya soka vya mikoa vinawafahamu. Naomba majina yao yakusanywe kabla ya kambi za mwaka ujao, na kifungu kile kiandikwe kwenye bajeti.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa michezo, Kanda ya Ziwa