Mwanangu, hao Watiriri wanalelewa na nani?

Muheza, Jumatano usiku

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na kifua cha baba yako kimepungua. Daftari lako la hadithi ya Watiriri, wale watu-ndege uliowabuni, uliloliacha mezani, sijui kwa kusahau au kwa makusudi, nimelisoma lote, kisha nikalirudia na penseli mkononi. Basi lako ni Jumapili, na huko Nairobi utawasomea watu wasiokujua. Bora uyasikie haya kwangu kwanza.

Watiriri wako ni wazuri, na silisemi hili kwa kuwa ni mama. Ukurasa wa 9 umechora bawa kama la mtu aliyelishika: manyoya kumi ya mkononi, ya kigasha yakifuata, na kile kijunyoya cha kidole gumba ambacho watu wote hukisahau. Nimefundisha baiolojia muda mrefu na sikuletewa mchoro kama huo.

Lakini ukurasa wa 14 umeandika kwamba Mtiriri huanguliwa alfajiri, adhuhuri anatembea, na jua likizama anaongea na kwenda zake. Nikafungua kurasa zote kumtafuta anayemlea. Hayupo. Umeweka mji wenye minara, umeweka vita, mahakama na mashairi, na mlezi hukumweka hata mmoja. Hao watoto wanalelewa na nani?

Najua umelitoa wapi. Umetazama vifaranga vyetu vya kuku, vinatoka na malaika yao ya manjano, macho wazi, kesho yake vinaparura. Pasua ganda lake uone gharama yake. Katika yai la kuku kama theluthi moja ya yaliyomo ni kiini, na katika yai la kiwi wa New Zealand ni karibu theluthi mbili. Akiba hiyo ndiyo inayomwezesha kifaranga kumaliza kukua ndani. Yai la njiwa au la shomoro lina kiini kama moja ya tano tu, na mtoto anatoka kipofu, uchi, shingo haimkai. Ukimtazama utasema kuku kamshinda. Ila ubongo wa kuku sehemu kubwa umekwisha kujengwa siku anapotoka, na haubaki na pa kwenda. Wa kasuku na wa kunguru hujengwa baada ya kutoka, kwa chakula anacholetewa na kwa mambo anayoyaona. Mwaka 2016 watafiti walichapisha hesabu ya seli za neva za ubongo wa ndege wa aina 28, wakakuta kasuku na kunguru wakubwa wana seli za ubongo wa mbele zinazolingana na za tumbili wenye ubongo mkubwa kuliko wao, au kuzizidi. Hao wote ni watoto wa kulishwa mdomoni. Kunguru wa New Caledonia, yule anayechonga vijiti vya kuchokolea wadudu, hukaa karibu na wazazi wake kama mwaka mzima kabla mkono haujamkaa. Niseme mdomo.

Yupo anayeanguliwa bila mzazi kabisa, kama unataka wakili. Bata mzinga wa vichakani wa Australia: baba anarundika majani yanayooza, anapima joto kwa mdomo wake, analiweka kwenye nyuzi 33 hadi 35, na mtoto anajichimbua peke yake na kuondoka bila kumjua mtu. Anajitegemea tangu siku hiyo. Lakini hana lugha, hana hadithi, na mwanawe ataanza pale pale alipoanzia yeye. Huwezi kumpa huyo mahakama.

Utaniletea mlembe, nakujua. Utasema, mama, mlembe anatagiwa kwenye tundu la keremkerem, akiangua tu anawaua watoto wa mwenye nyumba kwa ndoano za ncha ya mdomo, hajawahi kumwona mama yake, na bado akikua anamwongoza mtu hadi kwenye nyuki. Kweli. Hamu ya kuongoza anazaliwa nayo. Ila angalia kilichopimwa. Niassa, Msumbiji, Wayao humwita kwa mlio wa “brrr-hm”, na utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mlio huo ulipandisha uwezekano wa kuongozwa kutoka kama asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi wao hupiga mluzi. Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa kubadilisha miito: mlembe wa kwa Wahadzabe aliitikia mluzi wa kwao zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Kiyao. Kwa hiyo hata huyo muuaji asiye na mama amejifunza kwa watu waliomzunguka. Na alichojifunza ni neno moja. Wewe umewapa Watiriri nyakati saba za kitenzi.

Nakupa hesabu, uibadilishe upendavyo lakini usiiache wazi. Yai gramu 900, kiini kidogo. Siku 48 za kuatamiwa. Yai ligeuzwe mara kadhaa kutwa, maana lisipogeuzwa kiinitete hugandana na utando wa ganda na kufia humo. Nani anageuza usiku, na nani anageuza siku ya vita, hilo pekee linakupa sheria nzima. Macho yafunguke siku ya 20, manyoya yakamilike mwezi wa tano. Kubwabwaja mwaka wote wa kwanza. Kuruka mwaka wa tatu. Utu uzima kumi na nne. Kulisha umtazame njiwa: dume na jike wote wawili hutoa maziwa ya gole, ule mfuko wa chakula wa shingoni, kwa hiyo baba hana kisingizio. Mzazi mmoja akienda kutafuta chakula na wa pili akiwa safarini, kiota abaki nacho nani? Mtazame mumbi, yule hondohondo wa kutembea chini. Kundi lao zima humlea mtoto wa jozi moja, na mtoto huyo hulitegemea mwaka mmoja hadi miwili. Weka bibi. Weka shangazi asiyetaga. Bibi hufanya kazi hiyo vizuri sana, wewe mwenyewe ni shahidi, na aliyekuwa Mpwapwa wakati huo akisomea stashahada hana la kujisifia. Tuendelee.

Kuhusu sauti umewapa koo kama letu. Ondoa. Ndege kisanduku chake cha sauti kiko chini, pale bomba la pumzi linapogawanyika kwenda mapafu mawili, na kila upande una misuli yake. Anaweza kutoa sauti mbili kwa mara moja. Hebu fikiri lugha ya watu hao: upande wa kulia unataja kitu, wa kushoto unasema unavyojisikia juu ya kitu hicho. Mtoto kwanza atamudu upande mmoja. Mlevi utamjua kwa pande zake kupishana. Mwongo itabidi adanganye mara mbili kwa pumzi moja. Pumzi zenyewe uziandike sawa: mapafu yao hayatanuki kama yetu, vifuko vya hewa, kwa kawaida tisa, ndivyo vinavyovuta na kusukuma, na hewa moja huchukua pumzi mbili kuingia na kutoka. Ndiyo maana mwaka 1973 tai mzoga wa aina ya Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Ivory Coast, mita zaidi ya 11,000 kutoka ardhini. Minara yako ya mita elfu nne haiwasumbui. Mgeni wa kibinadamu ndiye atakayezimia ngazini.

Na sauti hiyo inafundishwa. Kuna kandege ka Australia wanakoita zebra finchi. Dume hujifunza wimbo kwa baba, masikio yakiwa wazi zaidi kati ya siku ya 25 na ya 65, na ikifika kama siku ya 90 wimbo umeganda. Aliyelelewa peke yake huimba mkwaruzo. Mwaka 2009 watafiti walieleza walichokifanya: wakamchukua huyo wa mkwaruzo awe mwalimu wa vifaranga, vifaranga hivyo vifundishe vingine, na baada ya vizazi vitatu hadi vinne wimbo ukawa umerudi karibu na wa porini. Hapo ndipo historia yako ilipo, na umeipita. Ukurasa wa 31 unasema tauni iliua wazee wote wa mji wa kusini, kisha ukurasa wa 32 miaka mia imepita na kila mtu anaongea kama kawaida. Kaa hapo! Watoto mia nne bila mwalimu, wanakwaruza. Wajukuu wao wanaongea nusu. Kizazi cha nne kinaongea vizuri na kinawaonea aibu babu zao. Waliobaki kaskazini wanawaita jina gani? Vita vyako vya ukurasa wa 40 havihitaji tena ile sababu ya rangi ya kishungi.

Kishungi chenyewe, kwa kuwa nimekigusa. Ndege wengi wana vipokezi vinne vya rangi machoni, sisi tatu, na wanaona urujuanimno, mwanga tusiouona sisi. Kuna ndege wadogo wa Ulaya wenye utosi ambao kwetu ni buluu tu, kumbe kwao unawaka na ndio wanaochaguliana kwao. Kwa hiyo wekundu na manjano ulivyopaka kwa kalamu ni vya kwetu. Waandike wakigombania rangi ambayo msimulizi binadamu haioni, asimame katikati ya uwanja akiwaona wote wa kijivu. Na pale mateka analizwa kwa pilipili, futa. Pilipili haimwashi ndege, anaila kama karanga.

Uzito sasa, kwa kifupi, maana umechoka kunisikia. Kilo 65 ulizowapa haziruki hapa duniani. Dume la tandawala mkubwa la Serengeti, likiwa kubwa kabisa, hufika kama kilo 18, na kila likiruka unaliona linavyotaabika. Ukimkuza ndege urefu mara mbili, eneo la bawa linaongezeka mara nne na uzito mara nane. Hapo ndipo wachoraji wote wanapoanguka. Punguza mvutano wa sayari uwe theluthi ya wetu, zile 65 zitalemea bawa kama 22 hivi, halafu nenesha hewa. Wakikuambia sayari ndogo haiwezi kushika hewa nzito, waonyeshe Titan, mwezi wa Zohali: mvutano kama moja ya saba ya wetu, na hewa nzito kuliko yetu. Mikono ile miwili ya ziada iondoe, bawa ndio mkono. Washike kwa miguu na mdomo. Kwa hiyo hakuna viti mjini humo, kuna fito za kutua. Anayeandika amesimama kwa mguu mmoja. Kitasa cha mlango kiko chini.

Jambo la mwisho kabla sijaenda kulala, la manyoya. Lazima yanyonyoke na kuota upya, hilo hukuligusa kabisa. Chagua: ama jozi moja moja, ambapo anaruka mwaka mzima kwa shida kidogo, ama yote ya bawa kwa pamoja kama bata, ambapo wiki tatu hadi nne haruki. Mimi ningechukua la pili. Mwezi mmoja mji mzima uko chini, hakuna vita, hakuna mjumbe, chakula cha ghalani, deni hailipwi. Kuna hondohondo wanaofanya kwa namna yao: jike anajiziba kwenye shimo la mti kwa udongo, anabaki na upenyo wa mdomo tu, ananyonyoka manyoya humo humo huku akiatamia, na dume analeta matunda mpaka mtoto apate nguvu. Dume akiuawa njiani, waliomo ndani wamo hatarini. Mpe Mtiriri wako mama wa namna hiyo, ukurasa wa 14, kabla ya lolote lingine. Au baba. Au bibi, nimekwisha sema. Lakini mtu awepo pale ganda linapopasuka.

Usiseme mama amekuharibia. Futa penseli yangu kote ukitaka, ila 14 soma tena ukiwa kwenye basi.

Kadi yako ya homa ya manjano iko kwenye bahasha ya kaki, kabati la juu. Sweta nimefua, Nairobi ni baridi mwezi huu na wewe hutaki kusikia. Baba yako atakupa fedha ya fundi wa paa uipeleke kesho, usimpe yote. Kuku wakubwa wanadaiwa chanjo ya kideri, tone moja jichoni kila miezi mitatu, na chupa ikishafunguliwa haingoji, kwa hiyo Jumamosi unisaidie kuwashika kabla hawajafunguliwa bandani. Mashine ya kutotolesha leo iko siku ya 16. Ijumaa tunaacha kugeuza mayai na tunaongeza maji kwenye sinia, kwa hiyo utakuwa njiani yakianza kupasuka. Nitakutumia picha.

Ni mimi,
Mamako