Wanafunzi wasiishie kupanda mikoko tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu desturi njema ya kuwapeleka wanafunzi na watu wa kujitolea ufukweni kupanda mikoko, hasa inapofika Siku ya Mazingira Duniani, Juni 5, au ile ya mikoko, Julai 26. Naiunga mkono kwa moyo wote, kwani kwenye mizizi ya mikoko ndiko kamba, kaa na samaki wachanga wanakokulia. Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi shughuli huishia siku hiyohiyo, mgeni rasmi akishaondoka.

Mbegu ya mkoko, ile ndefu ya kijani inayoning'inia mtini, haifai kuchumwa kabla shingo yake haijaanza kugeuka manjano. Hata ikichomekwa vizuri kwenye tope, kaa huweza kuitafuna, na mwani unaoletwa na mawimbi huulaza mche. Mwanafunzi anayerudi kila bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kuondoa mwani huo, kuhesabu miche iliyobaki na kupandia mapengo, atayajua maisha ya pwani yake kuliko aliyepanda mara moja akapigwa picha.

Lipo pia suala la mahali. Kwa kuwa mbegu hizo ni rahisi kupatikana, hupandwa hata kwenye tope tupu linaloachwa wazi na maji kupwa, ambako ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hutafuta chakula. Huko miche mingi hufa, na ikipona huwanyima ndege hao malisho. Wavuvi wazee wanajua kwamba, kati ya aina za miti ya mikoko, mlilana ndio wa upande wa bahari, mkoko hufuata kwenye tope la katikati, na mchu huvumilia chumvi kali karibu na nchi kavu. Waulizwe wao kwanza, pamoja na maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Jirani zetu wa Gazi, Kwale, nchini Kenya, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, wameuza hewa ya ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, na mapato yamesaidia shule na maji ya kijiji, hivyo watoto wao wanaona faida ya msitu kwa macho.

Nashauri kila shule ya pwani ikabidhiwe kipande kimoja cha kutunza kwa miaka kadhaa, na maofisa elimu wapange ratiba ya kazi hiyo kwa kufuata maji kupwa, watoto wakisindikizwa na mvuvi anayejua bahari inarudi saa ngapi.

Mwalimu mstaafu,
Tanga