Mwambie Baba Mdogo sioshi magari

Uingereza, Oktoba 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Mama anaendelea vizuri na ule mguu, na Mzee hajaanza tena kuziruka dawa zake. Mimi sijambo. Msimu wetu wa mbio za magari umekwisha tarehe 6 kwenye kiwanja cha Brands Hatch, na ndiyo kwanza napata utulivu wa kukaa na kuandika. Ujumbe wako ulinikuta tuko njiani kwenda Silverstone, kiwanja kingine cha mbio. Habari ya pesa nitaijibu, usiwe na wasiwasi, lakini kwanza kuna neno limenikaa kooni.

Umeniambia kwamba kwenye kile kikao cha familia Baba Mdogo alisimama akasema mimi huku naosha magari ya watu na kuwadanganya kwamba nina kazi. Dada, limeniuma sana. Angesema sipigi simu, ningenyamaza. Lakini kaigusa kazi yangu, kazi niliyoanza kujifunza nikiwa namshikia Mzee tochi yeye akiwa amelala chini ya gari! Barua hii naomba uisome mbele yake, yote, na Mjomba awepo asikie.

Mimi ni fundi katika timu ya mbio za magari ya saluni, kwenye ubingwa wa Uingereza wanaouita BTCC. Si mbio za juzi. Zilianza mwaka 1958, na huo mwaka wa kwanza Jack Sears na Tommy Sopwith walimaliza msimu wakiwa sawa kwa pointi. Wakapewa magari mawili ya aina moja, Riley, wakashindana, wakabadilishana magari, wakashindana tena, ndipo Sears akawa bingwa. Hii msimulie Mzee, najua ataipenda.

Magari yenyewe kwa sura unayajua: Toyota Corolla, BMW, Hyundai, Ford Focus. Ukifungua boneti ndipo unanyamaza. Injini ni ya lita 2 yenye turbo, na tangu 2022 yameongezewa mota ya umeme ambayo dereva anaiamsha kwa kitufe kwa sekunde chache katika kila mzunguko. Anayeongoza msimamo anapunguziwa hizo sekunde ili wengine wamfikie. Mwakani mota hizo zinaondolewa, kwa hiyo kipindi hiki cha baridi kuna kazi kubwa ya kuyafumua magari na kuyafunga upya. Kumbuka hilo nitakapofika kwenye pesa.

Msimu mmoja ni wikendi 10, na kila Jumapili tunakimbia mara tatu. Jumla mbio 30, kuanzia kiwanja cha Donington Park mwishoni mwa Aprili. Matokeo ya mbio ya kwanza ndiyo yanapanga gridi, yaani mistari ya kuanzia, ya mbio ya pili, na kwa mbio ya tatu wale wa mbele wanageuzwa kwa kura, aliyeshinda anarudishwa nyuma. Ndiyo maana hakuna anayelala. Wa kwanza anapata pointi 20, wa kumi na tano anapata 1, na hiyo 1 watu wanaigombania mpaka milango inabonyea. Magari yetu yanagusana, Dada, hayaendeshwi kwa adabu.

Wengi mtapenda kusikia habari za Knockhill kule Scotland, kiwanja kidogo kilicholala mlimani, ambapo gari linaruka kingo za kona mpaka linabaki kwenye tairi mbili. Mimi lakini kiwanja changu ni Thruxton. Zamani ulikuwa uwanja wa ndege za kijeshi, sasa ndipo penye kasi kuliko kiwanja chochote cha mbio Uingereza. Kona zake ndefu nyingi ni za kulia, gari linaziingia limejaa moto, na uzito wote unalala kwenye tairi la mbele kushoto. Goodyear wenyewe, watengenezaji wa tairi zetu, wanatuletea mpira mgumu kwa ajili ya Thruxton, na bado unaungua.

Gari likiingia kutoka kwenye mbio, tairi hilo nalishughulikia mimi. Linakuja limejaa vipande vya mpira vilivyookotwa barabarani, vimeganda kama matandu ya sufuria. Nalipasha kwa mashine ya hewa moto, nakwangua taratibu mpaka uso wake halisi unatokea pamoja na vile vishimo vidogo. Tairi zetu hazina kashata, ile michoro ya tairi za kawaida, vishimo ndivyo vinavyotuambia mpira umebaki kiasi gani. Nachomeka kipimo, naandika milimita za ndani, za katikati na za nje, kisha injinia anakuja kuniuliza. Ananiuliza mimi. Nikimwambia upande wa ndani unaliwa, anabadilisha mlalo wa tairi na presha ya upepo, na dereva anaingia barabarani kwa neno langu, kwa mwendo ambao tairi likipasuka hakuna mjadala. Baba Mdogo alisikie hilo vizuri.

Na kwenye kiwanja cha Croft je? Mbio ya pili, kwenye kona kali ya mwisho, kuna gari lilitubamiza ubavuni. Letu lilirudi linavutwa: tairodi, chuma cha usukani, imepinda, radieta inavuja, bampa limebaki huko. Kabla ya mbio ya tatu tulikuwa na kama saa mbili tu. Tulilivua, tukabadilisha mkono wa chini, radieta na tairodi, bodi tukaiunga kwa gundi na tepu. Ikabaki alainmenti, yaani kunyoosha tairi zielekee sawa, na muda wa kulipeleka kwenye sahani za kupimia haukuwepo. Nikafunga kamba kutoka nyuma mpaka mbele, pande zote mbili, nikapima kwa rula, kama Mzee alivyonifundisha. Mkuu wa mafundi alipima tena baada yangu, akaitikia kwa kichwa, akasema literemsheni jeki. Tulianzia mwisho kabisa wa gridi tukamaliza ndani ya kumi na tano, na pointi. Dereva aliposhuka alikuja moja kwa moja kwangu akanikumbatia na mafuta yangu mikononi. Mwambieni Mzee kamba yake imefika Croft.

Ubingwa hatukuchukua sisi, timu yetu si ya kiwango hicho bado. Uliamuliwa mbio ya mwisho kabisa ya msimu, Jake Hill wa BMW dhidi ya Tom Ingram wa Hyundai, na Hill akaupata kwa mara yake ya kwanza. Ash Sutton, aliyeuchukua mwaka jana na ambaye anao mara nne, safari hii hakuufikia. Nilikuwa ukutani natazama. Mafundi wa Hill walilia, wanaume wazima, nami machozi yalinitoka japo gari halikuwa letu. Nilitamani sana Mzee angekuwepo. Televisheni ya ITV4 wanaonyesha siku nzima, na kila kamera ikipita mbele ya banda letu naweka mgongo vizuri, halafu nakumbuka kwamba nyumbani hakuna anayeona. Jumapili jioni tukishapakia lori, wenzangu wanawapigia watoto wao, mimi natazama saa najua mmeshalala. Hapo ndipo nyumbani panaponivuta. Baridi na mengine tuyaache.

Sasa pesa. Sisi mafundi wengi tunalipwa kwa wikendi za mbio, na wikendi zimekwisha mpaka majira ya kuchipua. Timu imenibakiza karakanani kwa hiyo kazi ya kufumua magari, lakini malipo ya huko ni madogo kuliko ya msimu. Ada ya mdogo wetu ninayo, imekaa pembeni tangu Agosti, naituma kwako Ijumaa hii. Dawa za Mzee vilevile, kila mwezi, bila kukumbushwa. Paa la Mama naomba lisubiri hadi Mei. Nitamwambia mimi mwenyewe, asisikie kwa mtu mwingine.

Ya gari la Baba Mdogo, hapana. Nilimjibu mwaka jana, na naamini hilo jibu ndilo lililozaa maneno ya kikao. Namheshimu, ni baba yangu, lakini pesa ya kununulia gari la biashara ambalo halina dereva wala hesabu sitoi. Akitaka, anitumie picha za injini na za chini ya gari kabla hajalipa mtu yeyote, nitamwambia ukweli wake bure. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Usiache kunijibu kuhusu ule mguu, na uniambie daktari alisema nini hasa. Nisalimie wote. Mzee mwambie nampigia Jumapili mchana, awe karibu na simu, nina mengi ya kumuuliza kuhusu beringi.

Ni mimi mdogo wako.