Mkojo wa rangi ya karkade

Arua

Juma ndugu yangu,

Salamu zako zimefika. Huku tu wazima, mvua tu ndiyo imetufungia ndani.

Ijumaa kwenye simu ulisema mkojo wako ulitoka mwekundu siku mbili, ukakoma, na kwa kuwa huumwi umeyaacha. Ukarukia habari za mbuzi. Mimi mbuzi sikuwasikia tena.

Wangu ulianza hivyohivyo, rangi ya karkade, bila maumivu hata chembe. Kliniki moja ya mtaani ikanipa vidonge vya maambukizi mara tatu. Kila nikivimeza, damu inakatika, nami nashukuru dawa, kumbe damu hiyo hukatika yenyewe na kurudi. Jirani akasema kichocho. Lakini kichocho cha mkojo hapa Uganda kiko upande wa Lango. Hiki chetu cha mtoni ni cha tumbo.

Mwishowe nikaenda hospitali ya Mulago, Kampala. Waliponiambia watapima mkojo, asubuhi yake nikakinga ule wa alfajiri kwenye chupa ya maji, nikaifunga kwa gazeti, nikaipakata kwenye bodaboda kama asali. Nesi alicheka mpaka akakaa. Mkojo uliolala kibofuni usiku kucha, alisema, seli zake zimeshaharibika. Nikamwaga, nikanywa maji, nikatembeatembea uani, nikakojoa upya kwenye kikopo chao.

Hakuna sindano. Uvimbe wa kibofu huangusha seli zinazotoka na mkojo, na wapimaji huzitafuta kwa darubini. Kipimo hiki ni cha tangu miaka ya 1940. Kansa kali ya kibofu huinasa vizuri. Ile ya polepole mara nyingi hupenya. Majibu yangu yalikuwa safi, nikaomba ruhusa ya kurudi nyumbani. Daktari akakataa: mtu wa umri wangu, mvutaji, aliyekojoa damu, lazima achunguliwe kibofu kwa kamera. Wakakuta kijiuvimbe kama punje ya mtama, wakakikwangua kwa njia ileile ya mkojo. Sasa kila miezi mitatu wananichungulia.

Pakiti zetu za sigara za usiku kwenye foleni ya mpakani Malaba unazikumbuka. Sumu ya ule moshi huchujwa na figo, ikateremka kukaa kibofuni. Mimi na wewe tulivuta sawasawa, Juma.

Jumanne ijayo ni zamu yangu. Panda teksi ya asubuhi kutoka Jinja, tukutane geti la Mulago saa mbili. Nauli nitakutumia kwa simu. Chupa usilete.

Wako,
Ramadhani