Udzungwa kwa mara ya kwanza: chagua njia kwanza, bei itafuata

Wateja wengi wanaotupigia kuulizia Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa huanza na gari: lipi zuri la kuingia nalo ndani? Tunawaelewa. Wengi wetu hapa Dar tumeonjea utalii Mikumi, umekaa kwenye kiti, twiga unamwangalia dirishani. Udzungwa haina barabara za magari ndani ya hifadhi. Gari linaishia getini Mang'ula, na kuanzia hapo ni mguu hadi utakaporudi. Kwa hiyo sisi tukianza kukupangia tunauliza utatembea njia gani. Usafiri, malazi na bei vyote vinatokana na jibu hilo.

Na ndiyo sababu hatuuzi safari ya kwenda na kurudi siku moja, japo tunaombwa kila mara. Kutoka Dar hadi Mang'ula ni kama kilomita 350. Unapita Morogoro, unakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa mwendo wa pole kwa ajili ya wanyama wanaovuka lami, ukifika Mikumi mjini unakata kushoto njia ya Ifakara, unapita Kidatu, mashamba ya miwa yanaanza. Hata ukitoka alfajiri, utafika jua limekwisha kuwa kali na nusu ya siku imekwenda. Kuanza kupanda maporomoko saa nane mchana ni kujitafutia kushuka gizani. Toka Ijumaa, lala Mang'ula, panda Jumamosi asubuhi na mapema, lala tena, Jumapili urudi. Wanaotaka kubana matumizi tunawashauri wapunguze kwenye chumba, wasipunguze usiku.

Asiye na gari hakwami. Mabasi ya Ifakara yanaondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, na Mang'ula ipo njiani. Mwambie kondakta mapema akushushe karibu na geti la hifadhi. Tangu treni ya SGR ianze safari za Morogoro mwaka 2024, wapo wanaoipanda hadi huko, kisha wanakwenda Msamvu kutafuta basi la Ifakara. Inapunguza uchovu, ila hakikisha mapema kwamba ukishuka kwenye treni utakuta basi.

Sasa njia zenyewe. Njia ya maporomoko ya Sanje ndiyo kila mtu anaitaka, na ina haki: maji yanaporomoka mita 170 kwa ngazi tatu. Mzunguko wake ni saa nne au tano kwa mtu wa kawaida. Chini ni msitu mnene wa joto, shati linalowa kabla hujafika popote. Ukiendelea kupanda unaanza kusikia maji muda mrefu kabla ya kuyaona, kisha mvuke wake unakupiga usoni na jasho lote linapoa. Juu, miti ikifunguka, bonde zima la Kilombero liko chini yako, miwa ya kijani mpaka jicho linapokomea. Watu huogopa kupanda, lakini kinachowaumiza wengi ni kushuka. Magoti ndiyo yanayolalamika, hasa ardhi ikiwa na unyevu. Mwenye historia ya goti tunamwelekeza kwenye maporomoko ya Prince Bernhard, ambayo ni mwendo mfupi kutoka getini, na wenye watoto wadogo vilevile. Kilele cha Mwanihana ni habari nyingine kabisa: siku tatu, unalala msituni mara mbili. Hatumpeleki huko mtu ambaye hajawahi kutembea mlima wowote.

Uliza pia kuhusu kima. Ngolaga wa Sanje, mmoja wa kima hao, hapatikani pengine popote duniani zaidi ya milima hii, na wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ingawa wenyeji walimjua siku zote. Mbega wekundu wa Udzungwa nao ni wa huku peke yake. Kwa kuwatafuta hao, mwongozaji ni macho yako. Yeye ataona tawi likitikisika wakati wewe unatazama njia. Kutembea na mwongozaji ni lazima hata hivyo, kwa kuwa tembo na nyati wamo.

Usinunue koti zito. Mang'ula iko chini ya mlima na joto lake halipishani sana na la Dar. Fedha hiyo ipeleke kwenye viatu: Karume kuna buti nzuri za mtumba zenye meno chini, nunua mapema uzivae mtaani hadi zikuzoee. Raba zilizolika soli zitakuangusha. Chukua koti jepesi la mvua, soksi ndefu kwa ajili ya siafu na kupe, dawa ya mbu, na maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu. Wiki mbili kabla, nenda msitu wa Pugu Jumamosi moja utembee asubuhi nzima na begi mgongoni. Utajijua.

Juni hadi Oktoba ndiyo miezi tunayoipendekeza. Machi hadi Mei masika inafanya njia iteleze kama sabuni, na kama likizo yako imeangukia hapo tutakushauri usubiri.

Kiingilio hakilipwi kwa fedha taslimu, kinalipwa kwa namba ya malipo au kadi. Mtanzania abebe kitambulisho cha taifa ili alipe kiwango cha raia. Tukikosa kukiona mapema hatuwezi kukukadiria bei sahihi.

Ukitutumia ujumbe, tuandikie tarehe, idadi ya watu, umri wa mdogo na wa mkubwa kuliko wote, na kama kuna mwenye shida ya goti, pumu au presha. Tukipata hayo tunakurudishia njia inayowafaa pamoja na gharama yake, chumba kwa chumba.